Jinsi ya kuweka barua pepe yako kwenye kompyuta, taarifa za pesa zako zisipotee

Kila unapoomba taarifa ya akaunti yako, tunakutumia kwa barua pepe. Ripoti ya mwezi ya till yako, uthibitisho wa mabadiliko kwenye akaunti, risiti za malipo makubwa: zote zinaishia huko. Wateja wengi wanazifungua kwa simu, wanaangalia jumla, halafu basi. Siku simu inapotelea kwa matatu, bando inapoisha, au afisa wa mikopo anapotaka taarifa za miezi sita kabla ya saa nane mchana, hapo ndipo kibarua huanza.

Katika somo hili tutakuonyesha jinsi ya kuunganisha akaunti yako ya Gmail na programu ya barua pepe kwenye kompyuta. Tutatumia Thunderbird, kwa sababu ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ukiwa na Yahoo au Outlook, usijali, namba zao tumeziweka hapo chini.

Kuna jambo moja tunaomba ulishike hata ukisahau mengine: kuiona barua kwenye kompyuta yako si sawa na kuwa na nakala yake. Watu wengi hupoteza rekodi wakidhani wamezihifadhi. Kwa hivyo tutaanza na hilo.

Barua yako inakaa wapi?

Ukifungua Gmail kwa kivinjari kama Chrome au Firefox, barua zako haziko kwenye hiyo kompyuta. Ziko kwenye seva za Google, na kivinjari kinakuonyesha tu. Ndiyo maana unaweza kuingia saiba yoyote, ukasoma, ukatoka. Na ndiyo maana kwa kawaida mtandao ukikatika huoni kitu.

Programu ya barua pepe inafanya kazi tofauti. Inaingia kwenye seva kwa ruhusa yako, inachukua barua na kuziweka kwenye diski ya kompyuta. Baada ya hapo unaweza kuzisoma, kuzitafuta na kuzipanga hata bila intaneti. Unaweza pia kuweka akaunti mbili tatu mahali pamoja: yako binafsi, ya biashara na ya chama.

Hebu fikiria mweka hazina wa chama chenye wanachama 20. Michango inaingia kwa simu kila wiki, taarifa inakuja kwa barua pepe kila mwezi. Mwisho wa mwaka wanachama wanataka kuona nani alitoa nini na lini. Akikosa taarifa ya mwezi mmoja tu, maneno yanaanza, hata kama hakuna shilingi iliyopotea.

Kwa mwenye biashara mzigo ni mkubwa zaidi. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi atunze rekodi zake kwa miaka 5. Sasa jiulize: simu uliyonayo leo, utakuwa nayo miaka 5 kutoka sasa?

IMAP au POP? Chagua ukijua

Wakati wa kuunganisha, programu inaweza kukuuliza uchague kati ya njia mbili hizi. Majina yanatisha lakini maana yake ni rahisi.

POP ni njia ya zamani, ilianza mwaka 1984, enzi ambapo mtu alisomea barua zake kwenye kompyuta moja tu. Ni kama kwenda posta, kufungua sanduku lako na kubeba barua zote hadi nyumbani. Kulingana na ilivyopangwa, inaweza kuacha nakala kwenye seva au kuzifuta. Ikizifuta, ukiingia Gmail kwa simu hutazikuta tena.

IMAP ilibuniwa mwaka 1986 na Mark Crispin, huko Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Hii huacha barua kwenye seva na kuhakikisha kila kifaa kinaonyesha kitu kimoja. Ukisoma barua kwenye kompyuta, simu nayo itaonyesha imesomwa. Ukiunda folda ya "Taarifa 2025" kwenye kompyuta, utaiona kwenye simu pia.

Sisi tunashauri IMAP, kwa sababu karibu kila mteja wetu anatumia simu pamoja na kompyuta. Lakini ujue upande wake wa pili: ukifuta huku, inafutika na kule. Mtoto akichezea simu akafuta taarifa ya Machi, kompyuta nayo itaitoa kwenye inboksi mara tu itakapoingia mtandaoni. Gmail huweka barua iliyofutwa kwenye folda ya taka kwa siku 30. Zikipita, imeenda. Dawa ya hilo ipo, tutaifikia.

Kabla ya kuanza

Hakikisha una vitu hivi:

- Kompyuta yako mwenyewe. Usifanye haya saiba, wala kwenye laptopu ya kuazima. Programu ikishapewa ruhusa, itaendelea kupokea barua zako hata ukiwa umeenda nyumbani.
- Intaneti isiyo ya kupimiwa. Mara ya kwanza programu itapakua barua za miaka yote. Akaunti ya bure ya Google ina nafasi ya GB 15, na hata ukiwa umetumia sehemu ndogo tu, inaweza kumaliza bando ya wiki. Tumia Wi-Fi ya ofisini au ya nyumbani.
- Nenosiri la Gmail na simu yako karibu. Google inaweza kutaka uthibitishe kuwa ni wewe.
- Nambari za akiba. Ikiwa unatumia uthibitishaji wa hatua mbili, Google hukupa orodha ya nambari 10, kila moja ikiwa na tarakimu 8 na ya kutumika mara moja tu. Zichape kwenye karatasi na uziweke pamoja na hati zako muhimu. Laini yako ikipotea au ikihamishwa na wakora, nambari hizo zitakuingiza bila kungoja SMS.

Hatua kwa hatua: Gmail kwenye Thunderbird

Maandishi ya programu ni ya Kiingereza, kwa hivyo tutayataja jinsi utakavyoyaona. Sura inaweza kutofautiana kidogo kulingana na toleo, lakini mpangilio ni uleule.

1. Fungua kivinjari na uandike thunderbird.net mwenyewe kwenye sehemu ya anwani. Usibofye tangazo lililotokea juu ya matokeo ya utafutaji. Pakua programu na uisakinishe.

2. Fungua Thunderbird. Itakuomba jina lako na anwani ya barua pepe. Jina utakaloandika ndilo watu wataona unapowatumia barua, kwa hivyo kama ni akaunti ya chama, andika jina la chama.

3. Bofya "Continue". Programu itatafuta yenyewe mipangilio ya Gmail. Ikikupa chaguo la IMAP na POP3, chagua IMAP.

4. Dirisha la Google litafunguka. Kabla ya kuandika nenosiri, angalia anwani iliyo juu ya dirisha: lazima iwe ya accounts.google.com. Andika nenosiri, thibitisha kwa simu ukiombwa, kisha ukubali Thunderbird ipewe ruhusa ya kusoma na kutuma barua.

5. Maliza kwa "Done" au "Finish", halafu subiri. Folda zitaanza kujaa upande wa kushoto. Ikiwa una barua nyingi, iache ifanye kazi yake pole pole, hata usiku mzima.

6. Jitumie barua fupi ukiwa ndani ya Thunderbird. Ikifika kwenye simu, ujue kutuma na kupokea kote kuko sawa.

Namba za seva, kama programu haikuzipata yenyewe

Mara nyingi hutahitaji sehemu hii. Lakini ukilazimika kujaza kwa mkono, namba ni hizi:

- Gmail. Kupokea: imap.gmail.com, poti 993. Kutuma: smtp.gmail.com, poti 465 au 587.
- Yahoo. Kupokea: imap.mail.yahoo.com, poti 993. Kutuma: smtp.mail.yahoo.com, poti 465.
- Outlook.com na Hotmail. Kupokea: outlook.office365.com, poti 993. Kutuma: smtp-mail.outlook.com, poti 587. Ingia kwanza kwenye tovuti ya Outlook na uhakikishe kwamba mipangilio inaruhusu IMAP.

Kwa aina ya ulinzi, poti 993 na 465 hutumia SSL/TLS, na poti 587 hutumia STARTTLS. Kwa njia ya kuingia, chagua OAuth2. Ikiwa anwani yako ni ya jina la biashara yako, waulize waliokuuzia huduma hiyo wakupe namba zao.

Programu ikikataa

*Nenosiri ni sahihi lakini linakataliwa.* Hili ndilo tatizo linalowasumbua wengi, hasa wenye programu ya zamani iliyokuwa ikifanya kazi miaka iliyopita. Google ilianza kufunga njia ya kuingia kwa nenosiri tupu tarehe 30 Mei 2022, na Microsoft ikafanya vivyo hivyo kwa Outlook.com tarehe 16 Septemba 2024. Kwa hivyo fungua mipangilio ya akaunti kwenye Thunderbird, nenda kwenye seva, na ubadilishe njia ya kuingia iwe OAuth2. Badilisha pande zote mbili, ya kupokea na ya kutuma.

Kama programu yako ni nzee sana na haina OAuth2, Google inaweza kukutengenezea nenosiri maalum la herufi 16 kwa ajili ya programu hiyo pekee. Lazima kwanza uwe umewasha uthibitishaji wa hatua mbili. Hata hivyo, ushauri wetu ni uweke toleo jipya la programu.

*Dirisha la Google linafunguka na kujifunga.* Angalia kwenye mipangilio ya faragha ya Thunderbird kama vidakuzi vimeruhusiwa. Bila hivyo, kuingia kwa Google hakukamiliki.

*Programu inasema muunganisho si salama.* Tazama tarehe na saa ya kompyuta. Laptopu za zamani ambazo betri yake ndogo ya ndani imekufa hurudi nyuma miaka kadhaa kila zikizimwa, na hapo ukaguzi wa usalama unakataa. Rekebisha tarehe, ujaribu tena.

*Unapokea lakini hutumi.* Kutuma kuna mipangilio yake tofauti. Tafuta "Outgoing Server" kwenye mipangilio ya akaunti na ulinganishe na namba tulizokupa.

Sasa tengeneza nakala ya kweli

Hapa ndipo tulipotaka ufike. Umeunganisha, barua unaziona, lakini kama tulivyosema, kwa IMAP zinategemea kilicho kwenye seva. Fanya mambo haya matatu.

Kwanza, hakikisha barua zinashuka nzima nzima. Fungua mipangilio ya akaunti, nenda kwenye "Synchronization & Storage", na utie alama kwenye chaguo la kuweka barua za akaunti hiyo kwenye kompyuta. Bila hivyo unaweza kuona kichwa cha barua, lakini ukiibofya bila mtandao haifunguki.

Pili, tumia "Local Folders". Ni sehemu iliyo chini ya akaunti yako upande wa kushoto, na haina uhusiano wowote na seva. Unda humo folda ya kila mwaka, na ndani yake folda ya kila mwezi ukipenda. Kila taarifa yetu ikifika, ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Copy To", na uielekeze huko. Tumia "Copy To", usitumie "Move To", kwa sababu hiyo ya pili itaiondoa kwenye seva na hutaiona tena kwa simu. Nakala iliyo "Local Folders" haiguswi hata barua ikifutwa kwenye Gmail. Hii ndiyo ile dawa ya mtoto na simu.

Tatu, toa kiambatisho chenyewe. Fungua barua, hifadhi PDF ya taarifa kwenye folda ya kawaida ya kompyuta, na uipe jina linaloeleweka, mfano "2025-03 taarifa ya chama". Ukianza na mwaka na mwezi, zitajipanga zenyewe. Mara moja kwa mwezi nakili folda hiyo kwenye flash au diski ya nje, na usiiache ndani ya mkoba mmoja na laptopu. Mwizi hachagui.

Na hapa kuna shimo ambalo watu hawalioni. Taarifa nyingi za pesa huja zikiwa zimefungwa kwa nambari inayotumwa kwa SMS. Ukihifadhi PDF lakini SMS ikapotea na simu, baada ya miaka mitatu utakuwa na faili usiyoweza kuifungua. Kwa hivyo ifungue siku hiyohiyo. Ukiweza, ichape upya kama PDF nyingine isiyo na kufuli, uiweke mahali salama. La sivyo, andika nambari yake kwenye kijitabu, mbele ya jina la faili, na ukifungie kijitabu hicho kabatini.

Linda kompyuta kama unavyolinda simu

Barua pepe ni mlango. Anayeingia humo anaweza kuomba nenosiri jipya la akaunti zako nyingine, moja baada ya nyingine. Sasa mlango huo uko pia kwenye laptopu.

Thunderbird ina "Primary Password", utaipata kwenye mipangilio ya faragha na usalama. Iwashe. Lakini ujue mipaka yake: inalinda funguo za kuingilia zilizohifadhiwa, haifungi barua zilizokwisha kupakuliwa. Hizo zinakaa kwenye diski wazi. Kinachozilinda ni nenosiri la kuwashia kompyuta, pamoja na kufungia diski nzima. Kwenye Mac kazi hiyo hufanywa na FileVault, na kwenye Windows nyingi hufanywa na BitLocker au ulinzi wa kifaa uliomo kwenye mipangilio. Kabla ya kuwasha, hifadhi ule ufunguo wa akiba utakaopewa. Ukiupoteza, wewe mwenyewe unaweza kufungiwa nje.

Laptopu ikiibwa, usingoje kesho. Chukua simu, ingia kwenye akaunti yako ya Google, nenda kwenye sehemu ya usalama, uondoe ruhusa ya Thunderbird. Kisha badilisha nenosiri. Mwizi hatapokea barua mpya tena.

Kwa chama, fanya hivyohivyo mweka hazina anapobadilika, hata kama mmeachana kwa amani. Toa ruhusa za zamani, badilisha nenosiri, na anayekuja aunganishe upya kompyuta yake. Hiyo inamlinda hata anayeondoka, kwa sababu likitokea jambo hakuna atakayemnyooshea kidole.

Kuhusu matapeli, kompyuta inakupa nafasi nzuri kuliko simu. Kwenye simu mara nyingi unaona jina la mtumaji tu. Kwenye Thunderbird, soma anwani yote iliyo karibu na jina, si jina pekee. Weka kipanya juu ya kiungo bila kubofya, na uangalie chini ya dirisha kinaelekea wapi. Programu pia huzuia picha za kutoka nje hadi uruhusu, kwa hivyo mtumaji hawezi kuzitumia kujua umefungua barua yake. Usiruhusu kwa mtu usiyemjua. Na barua yoyote inayokuomba PIN, hata ikiwa na nembo yetu, ni ya wakora. Sisi hatuombi PIN kwa barua pepe, kwa SMS wala kwa simu.

Maswali tunayoulizwa mara kwa mara

*Nina bando ndogo tu. Naweza kupunguza matumizi?* Ndiyo. Kwenye "Synchronization & Storage" chagua barua za siku 30 za mwisho pekee, na uweke kikomo cha ukubwa. Lakini hakikisha kikomo hicho hakizuii viambatisho vya taarifa zako.

*Mbona barua moja naiona mara mbili?* Gmail hutumia lebo, na Thunderbird huonyesha kila lebo kama folda. Barua iliyo kwenye inboksi huonekana pia kwenye "All Mail". Usifute moja ukidhani ni ya ziada, maana ni barua ileile.

*Nikiweka kwenye kompyuta, niondoe Gmail kwenye simu?* Hapana. Viache vyote viwili.

Jipime kabla ya kusema umemaliza

Zima Wi-Fi. Fungua Thunderbird, nenda "Local Folders", tafuta taarifa ya mwezi uliopita na ufungue PDF yake hadi uone muamala wa mwisho. Ukiuona, rekodi yako iko mikononi mwako. Usipouona, rudi kwenye sehemu ya nakala ya kweli na ufuate tena hatua ya kwanza. Baada ya hapo, omba kwetu taarifa za miezi ambayo huna, uziweke zote kwa mpangilio mmoja, na utenge siku moja ya kila mwezi ya kuongeza mpya. Ni kazi ya dakika kumi.